Maji Matatu ya Kusuuza

Kila siku alasiri, Pacifique alianza kulia kabla mama yake hajaingia uani. Alikuwa na miezi minane tu, lakini alikwisha kujua mlio wa lango la mianzi linapoburutwa chini. Awe mgongoni kwa dada yake Chimène, awe amekaa kwenye mkeka akitafuna kijiko, lango likilia tu alinyoosha mikono yote miwili kumwelekea mama.

Na kila siku Mama Cécilia alipita mbali naye.

"Ngoja kidogo, mwanangu," alisema bila kusimama, akaenda nyuma ya nyumba penye ua wa matete. Huko alivua bluzi yake. Bluzi ilikuwa vazi la kazi la rangi ya waridi, refu hadi magotini, ambalo wakunga wote wa maternite, hospitali ya kujifungulia alikofanya kazi, walivaa juu ya nguo zao. Aliitumbukiza kwenye beseni la bluu lenye maji baridi, akanawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni, akanawa na uso, akajifunga kitenge cha nyumbani. Hapo ndipo alipokuja kumchukua mtoto wake, ambaye wakati huo alikuwa amelia hadi anakohoa.

Chimène, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, aliwahi kumwuliza mama yake kwa nini asimshike mtoto hata kidogo kwanza.

"Leo nimepokea watoto watatu," Mama alijibu. "Damu imenirukia hapa na hapa. Mwanamke anakuja kujifungua na ugonjwa ambao hata yeye mwenyewe haujui. Nikimkumbatia Pacifique na nguo hii, ninaweza kumpa mambo ya kazini. Afadhali alie kidogo."

Walikaa Kasongo, upande wa mji inapoanzia barabara ya kwenda Kabambare. Papa Salomon alikuwa na pikipiki, akisafirisha watu na mizigo kwenye barabara hiyo. Wakati wa mvua, matope yalipofika nusu ya magurudumu, aliweza kukaa wiki nzima bila kuonekana nyumbani. Asubuhi Pacifique aliachwa kwa jirani yao Mama Asma, aliyekuwa na mtoto wa rika hilo hilo. Saa sita na nusu, Chimène akitoka masomoni, alimchukua na kukaa naye mpaka mama arudi.

Mama Cécilia alikuwa na bluzi mbili tu, moja mwilini na moja kwenye kamba. Zamani alizifua mwenyewe. Lakini mkunga mmoja alipomfuata mumewe mjini Kindu, kazi yake iligawanywa kwa waliobaki, na Mama akaanza kurudi nyumbani miguu imevimba. Ndipo akamkabidhi Chimène kazi ya kufua. Alimwonyesha jioni tatu mfululizo, wameinama pamoja juu ya beseni.

"Hili la bluu ni la kazi, hili la kijani ni la Pacifique. Hayakutani. Bluzi inalala kwenye maji baridi ili damu itoke. Kesho yake unayamwaga maji hayo chooni, unaweka mengine na kifuniko kimoja cha klori. Ukimaliza kufua na sabuni, unasuuza maji matatu. Si moja, si mawili. Klori inaua vijidudu, lakini ikibaki kwenye nguo inakula ngozi ya mtu. Nguo za mtoto usizitie klori kabisa. Ni sabuni tu, halafu nazo maji matatu, halafu jua."

"Nimesikia, Mama," Chimène alisema. Na kweli alikuwa amesikia. Miezi miwili alifanya vile vile alivyoonyeshwa, na Mama alipovaa bluzi yake asubuhi aliinusa kola akatabasamu.

Mambo yalibadilika pompu ya mtaa ilipoharibika.

Pompu ilikuwa karibu, mwendo wa kuimba wimbo mmoja. Sasa ilibidi kuteremka hadi chemchemi ya bondeni, kupanga foleni nyuma ya wanawake wenye bidoni nne nne, yale madumu ya kutekea maji, kisha kupanda kilima na bidoni kichwani na mtoto mgongoni. Kufua bluzi moja na nguo za Pacifique kulihitaji bidoni tatu. Mwaka huo huo Chimène alikuwa darasa la sita, mwaka wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na Mwalimu André alikuwa ameanzisha masomo ya ziada kuanzia saa nane mchana. Wenye wadogo waliruhusiwa kuja nao. "Mtoto asiyelia hana shida darasani kwangu," alisema Mwalimu André. Lakini aliyechelewa alikaa nje.

Chimène alikaa nje mara mbili. Mara ya pili alisikiliza hesabu za sehemu kupitia dirishani, asielewe kitu, huku wenzake wakicheka jambo ambalo Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni.

Siku iliyofuata aliteka bidoni moja tu. Aliiweka bluzi kwenye maji ya klori, akaifua, akaikamua. Kisha akayatazama maji yale. Yalionekana safi bado, yenye povu jeupe. Akajiambia kwamba klori ni dawa, na dawa haiwezi kumdhuru mtoto, pengine hata itamsaidia. Akazitumbukiza humo humo nguo za Pacifique: mashati madogo, nepi za kitambaa, na kitenge cha kumbebea. Maji yaliyobaki ndani ya bidoni yalitosha kusuuza kila kitu mara moja tu, harakaharaka. Akaanika, akamfunga mtoto mgongoni, akakimbia. Alifika Mwalimu André akiwa bado anafuta ubao, hajafunga mlango.

Hakuna aliyegundua kitu. Kwa hiyo kesho yake alifanya hivyo tena, na kesho kutwa pia.

Siku ya tano, Mama alipokuwa anamwogesha Pacifique, aliita, "Chimène, lete taa."

Shingoni mwa mtoto, kwapani na kwenye mapaja mahali nepi inapobana, ngozi ilikuwa imewiva na kutoa vipele vidogo vidogo. Mama alipoigusa kwa kidole, Pacifique alipiga kelele na kukunja miguu.

Mama aliisogeza taa karibu, akamgeuza mtoto taratibu. Kisha akauliza, "Nguo zake unazifua vile nilivyokuonyesha?"

"Ndiyo, Mama."

"Maji matatu?"

"Maji matatu."

Neno lilitoka kwa urahisi, hata Chimène mwenyewe alishangaa. Mama aliitika kwa kichwa na hakuuliza tena. Alimpaka mtoto mafuta, akasema pengine ni joto.

Lakini vipele havikuondoka. Vilisambaa mgongoni, mahali kitenge cha kubebea kinapogusa. Mama alianza kujilaumu. Aliacha kurudi na bluzi mwilini. Aliivua kule kule kazini, akaileta ndani ya mfuko. Aliporudi hakunawa tu, alioga mwili mzima kabla ya kumgusa mtoto. Siku mbili baadaye alianza kumnyonyesha huku ameweka kitambaa kati yao, na kila mara alikitumia kitambaa kilichotoka kwenye kamba, safi, kilichofuliwa na Chimène. Pacifique alilia akinyonya. Chimène aliyaona hayo yote, lakini hakuwa ameunganisha jambo moja na jingine. Aliwaza tu kwamba amesema uongo mdogo kuhusu maji, na kwamba pompu ikitengenezwa atarudia maji matatu, na uongo utakwisha wenyewe.

Wiki hiyo Papa Salomon alirudi kutoka safari, na nyuma ya pikipiki alikuwa amempakia dada yake mkubwa, Shangazi Marie-Thérèse aliyeishi Wamaza, pamoja na mfuko wa mchele na karanga za kutosha majirani wote. Shangazi alishuka, akajinyoosha mgongo, akaomba aletewe mtoto. Alipomfunua shati, uso wake ulibadilika.

"Mutoto huyu iko na nini?"

"Ni upele, Dada," Mama Cécilia alisema. "Ninamtibu."

"Anakaa na nani mchana?"

"Asubuhi kwa jirani. Mchana na dada yake."

Shangazi hakusema zaidi mbele ya wageni waliokuja kumsalimu. Alisema jioni, wakiwa wamezunguka sahani ya ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Hakupaza sauti. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na kwa hiyo kila neno lilisikika.

"Salomon, mimi sikatai bibi yako afanye kazi. Sisi wote tunalima, watoto wako mgongoni. Lakini shamba halileti ugonjwa nyumbani. Huyu anashika watoto ya watu tangu asubuhi, wa kwake anaogopa kumshika. Wewe unaona ni sawa?"

Papa Salomon alilitazama tonge lake la ugali. "Cécilia anajua kazi yake," alisema hatimaye, lakini alisema polepole mno, na Chimène akaona jinsi mama yake alivyoinamisha kichwa.

Siku tatu zilizofuata hazikuwa na ugomvi, na hilo ndilo lilikuwa gumu. Shangazi alimwogesha mtoto kila asubuhi na kuguna. Mama aliondoka kazini kimya na kurudi kimya. Ijumaa baada ya chakula cha jioni, alisafisha meza, akachukua karatasi ya daftari la Chimène, akaandika kwa muda mrefu. Chimène alijifanya anasoma. Alisikia Mama akimwambia Papa, "Barua hii ya kuacha kazi nitampa Mama Marguerite kesho. Nimalize mwezi huu tu."

"Uko hakika?" Papa aliuliza.

"Miaka tisa nimewaambia wanawake wengine walinde watoto wao. Siwezi kuwa mimi ninayemwumiza wangu."

Chimène alilala akiwa na mawazo mawili yanayovutana. Moja lilikuwa furaha: Mama atakuwa nyumbani kila yeye akitoka masomoni, hakuna tena beseni la bluu wala kukimbia na mtoto mgongoni. Jingine hakulipa jina, akajifunika shuka hadi kichwani.

Jumamosi hapakuwa na masomo. Mama alikuwa ameagiza Chimène amlete Pacifique maternite saa nne, ili Mama Marguerite, mkuu wa wakunga, aitazame ngozi yake. Chimène alipofika aliambiwa asubiri barazani, maana wote wawili walikuwa chumba cha kuzalishia. Mlango ulikuwa na pazia tu. Alisikia sauti ya mwanamke akilia kwa nguvu, na katikati ya kilio hicho sauti ya mama yake, tulivu, ambayo Chimène hakuwa ameisikia nyumbani kwa siku nyingi.

"Pumua, Feza. Usisukume bado. Niangalie mimi."

"Usiniache, Mama Cécilia. Usitoke."

"Sitoki. Niko hapa."

Kwenye ngazi ya baraza alikaa kijana mwenye matope hadi kiunoni, ameshika kiatu kimoja mkononi. Alikuwa mume wa Feza. Alimwambia Chimène, bila kuulizwa, kwamba walitoka ng'ambo ya Wamaza juzi alfajiri, kwa pikipiki, na mahali pengine wakatembea kwa sababu daraja lilikuwa limekatika. "Mtoto wa kwanza alitufia njiani mwaka jana," alisema. "Safari hii watu walituambia, fikeni Kasongo, mumuulize Mama Cécilia."

Chimène alilitazama pazia la mlango. Alimtikisa Pacifique, aliyekuwa anaanza kulalamika.

Wakati huo Dieudonnée, mama wa usafi, alipita na ndoo ya kupigia deki baraza. Harufu kali ilipanda kutoka ndani ya ndoo ikamwingia Chimène puani. Aliijua. Alisogea kumpisha, na mkono wake ukakaribia ukingo wa ndoo.

"Toa mkono, mutoto wangu," Dieudonnée alisema. "Hiyo ni klori, itakuchubua." Kisha akamshika kidole, akakigeuza kwenye mwanga. Kati ya vidole vya Chimène ngozi ilikuwa imepasuka na kuota magamba meupe, nyekundu pembeni. Iliwasha wiki nzima, na Chimène alidhani ni sabuni. "Ah, tayari imekuchubua. Nani anakupa kazi ya klori bila kuvaa mifuko ya mikono?"

Chimène aliurudisha mkono wake. Alimtazama mdogo wake. Polepole akainamisha uso na kuinusa shingo ya Pacifique, pale kola ya shati lake dogo ilipogusa vipele. Chini ya harufu ya maziwa na jasho palikuwa na harufu ile ile ya ndoo.

Alikaa kwenye benchi. Kwa mara ya kwanza aliona jambo zima kwa pamoja: beseni moja, maji mamoja, vitambaa safi ambavyo Mama aliweka kati yake na mtoto ili kumlinda. Mama alikuwa amehangaika kuutafuta ugonjwa kwenye mwili wake mwenyewe, kumbe ulikuwa unaanikwa kwenye kamba kila mchana.

Nyuma ya pazia kilisikika kilio kipya, chembamba, cha hasira. Yule kijana mwenye matope alisimama, akakaa, akasimama tena. Akaufunika uso wake kwa mikono miwili, kiatu bado kiko mkononi.

Muda si mrefu Mama Cécilia alitoka. Bluzi yake ilikuwa na madoa kifuani, paji la uso lilikuwa na jasho. Alimwambia yule kijana, "Ni binti. Wote wawili wazima. Nenda unawe kwanza." Alipomwona Chimène alisimama hatua tatu mbali naye, kama kawaida yake, akaenda kubadilisha nguo. Alirudi na kitenge, mikono inanuka sabuni, na mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Waliingia pamoja kwenye ofisi ndogo ya Mama Marguerite.

Mama Marguerite alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimlaza Pacifique juu ya meza, akamvua shati, akamgeuza huku na huku bila haraka.

"Huu haufanani na upele wa kuambukizwa," alisema. "Uko pale nguo inapobana tu. Nguo zake zinafuliwaje?"

Chimène alificha mikono nyuma yake.

"Nguo hazina shida," Mama Cécilia alisema. "Chimène anazifua mwenyewe, beseni lake mbali, anasuuza maji matatu. Nilimwuliza. Huyu mtoto hanidanganyi."

Mama Marguerite aliitika kwa kichwa. Mambo yangeishia hapo. Alikwisha kuanza kumvalisha mtoto shati, na Mama Cécilia alikwisha kuiweka ile karatasi juu ya meza na kuisukuma kwa kidole. "Mama Marguerite, kuna barua hii. Nimefikiri sana kabla ya kuiandika."

"Nilikudanganya," Chimène alisema.

Wanawake wote wawili waligeuka. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini alipoanza hakuweza kuacha. "Mama, si maji matatu. Ni moja tu. Nguo za Pacifique ninazifua kwenye maji ya bluzi yako, yale yenye klori. Tangu pompu iharibike. Chemchemi ni mbali, na Mwalimu André anafunga mlango saa nane. Nilifikiri klori ni dawa. Uliponiuliza niliogopa." Akaitazama ile karatasi. "Si wewe uliyemletea upele, Mama. Ni mimi. Usimpe barua."

Pacifique alikuwa anapigapiga meza kwa kisigino. Chimène alingoja kofi. Alingoja maneno. Mama yake alimtazama kwa muda ambao ulionekana mrefu kuliko njia ya chemchemi.

"Nionyeshe mikono yako," Mama alisema.

Chimène aliinyoosha. Mama Cécilia aliipokea, akaitandaza vidole kimoja kimoja, akaona mipasuko. Na hapo, si kwa kugombezwa bali kwa kushikwa mikono, Chimène alianza kulia.

"Kila siku kazini ninatazama mikono ya watu wote," Mama alisema kwa sauti iliyokauka. "Mwuguzi, mfagiaji, mgonjwa. Yako sikuitazama. Nilikuuliza umesuuza mara ngapi. Sikuwahi kukuuliza umeteremka bondeni mara ngapi."

"Lakini alisema uongo," Mama Marguerite alisema.

"Alisema uongo, ndiyo. Hilo nalo liko, na tutalizungumza nyumbani."

Mama Marguerite alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la kitenge. Alimrudishia Mama Cécilia karatasi bila kuifungua. "Barua hii sijaisoma. Na mimi nina kosa langu hapa. Nguo zenye damu ya wagonjwa hazipaswi kwenda nyumbani, wala klori haipaswi kushikwa na mtoto. Tuna tangi la maji ya mvua nyuma ya jengo hili, na tunalitumia kumwagilia maua. Kuanzia Jumatatu bluzi zote zitafuliwa hapa, kwa zamu, na mifuko ya mikono. Mimi nitaanza zamu ya kwanza." Kisha akamgeukia Chimène. "Nguo zote za mdogo wako, hata zilizo safi, zirudiwe. Maji matupu, mara tatu, halafu jua. Mwogeshe bila sabuni kali. Baada ya wiki utaona."

Wakiwa njiani kurudi, Mama alimbeba Pacifique mwenyewe. Walipofika karibu na lango alisimama.

"Sitakupiga," alisema. "Lakini kuna mtu mmoja ambaye amenilaumu siku nyingi kwa jambo ambalo sikulifanya. Mimi sitamweleza. Utamweleza wewe."

Kumwambia Shangazi Marie-Thérèse kulikuwa kugumu kuliko kusema kule ofisini. Alikuwa amekaa juu ya kigoda akichagua mchele. Chimène alipiga magoti mbele yake akaeleza yote, kuanzia pompu hadi barua. Papa Salomon, aliyekuwa anakaza mnyororo wa pikipiki, aliacha spana yake akasikiliza. Shangazi aliendelea kuchagua mchele mpaka mwisho wa maneno. Kisha akaweka ungo chini.

"Basi nilimsema mama yako bure," alisema. Akamtazama wifi yake. "Cécilia, nilisema sana."

"Ulimhofia mtoto, Dada. Hata mimi nilimhofia. Tulikuwa na hofu moja."

Shangazi aliinuka, akazikusanya nguo zote za Pacifique kutoka kwenye kamba, akazifunga ndani ya shuka. "Twende bondeni," alimwambia Chimène. "Wewe utasuuza, mimi nitahesabu."

Jioni hiyo Papa Salomon alisema jambo ambalo alionekana kulifikiria mchana kutwa. "Pikipiki yangu inabeba magunia ya watu mpaka Kabambare. Haijawahi kubeba maji ya nyumba hii. Siku niliyopo, bidoni nne zitafika kabla ya jua kutoka. Siku nisiyokuwepo, nitapatana na rafiki yangu Célestin, mwendesha pikipiki wa jirani." Mama Cécilia alimwongezea sombe kwenye sahani.

Wiki iliyofuata vipele vilianza kukauka, na ngozi ya Pacifique ikarudi laini shingoni kwanza, kisha mapajani. Mikono ya Chimène ilichukua siku nyingi zaidi kupona. Alifika kwa Mwalimu André kabla ya saa nane, akakaa benchi la mbele, na hesabu za sehemu zikaanza kumwingia.

Jumapili moja, wakiwa wawili tu wakimenya mihogo, Chimène aliuliza swali lililokuwa linamkaa kooni. "Mama, ungeacha kazi kweli?"

"Ningeacha. Mwezi ule ungekwisha, nisingekwenda tena."

"Hungehuzunika?"

Mama alikata muhogo vipande viwili kabla ya kujibu. "Ningehuzunika. Kila mama anayetoka kwenda kazini anajiuliza kama ameacha jambo nyumbani. Mtoto akikohoa, anasema ni mimi. Akianguka, anasema ningekuwepo. Maswali hayo hayaishi, nami siyakimbii, kwa sababu ndiyo yananifanya nirudi mapema, nioge, niulize. Lakini ili nijibu vizuri, nahitaji ukweli wa wale ninaowaachia nyumba. Siku ile ungeniambia, 'Mama, maji hayatoshi, nashindwa,' ningekasirika labda dakika tano, halafu tungetafuta njia. Uliponificha, nilianza kumtibu mtoto kwa ugonjwa asiokuwa nao. Nilikaribia kuacha kazi kwa kosa ambalo sikulifanya, na wewe ulikaribia kukaa na siri hiyo mpaka ukubwani."

"Niliogopa utaniona mvivu."

"Kushindwa kazi iliyokuzidi nguvu si uvivu, Chimène. Sema mapema kwamba umeshindwa, nasi tutakusaidia. Lakini ukisema umemaliza na hujamaliza, yupo mtu atakayeumia kwa sababu yako, na mara nyingi ni yule mdogo kabisa, asiyeweza hata kusema panapouma."

Chimène alichukua muhogo mwingine kutoka kwenye kikapu. Walimenya mpaka kikapu kikaisha, na kila alipotaka kusema jambo, alilisema.